Duka la kwilti njiani: ukishaondoka na RV, hutarudi kuchukua nusu yadi iliyopungua

Mleta uzi

Wadau wa sindano na wadau wa barabara, salaam. Uzi huu unahusu uzi wenyewe, pamoja na kitambaa na mkasi, kwa hiyo asiyeshona naomba anivumilie hadi tufike kwenye habari za kuegesha magari.

Mimi na mume wangu tumekuwa tukizunguka Marekani kwa RV, yaani nyumba ya kusafiria yenye magurudumu, kwa misimu minne, na karibu katika kila mji tunaolala nimekuwa nikitafuta duka la kwilti la hapohapo. Sizungumzii tawi la duka kubwa la vitambaa, bali lile dogo ambalo mwenye duka ndiye anayekukatia kitambaa mchana na ndiye anayefundisha darasa jioni. Kwa wasioifahamu kazi hii, kwilti ni mfarishi wa tabaka tatu: uso ulioungwa kwa viraka vilivyokatwa kwa vipimo, pamba ya kati, na kitambaa cha mgongo, zote zikishikwa pamoja na mishono inayopenya kutoka juu hadi chini. Kwa makadirio yangu nimeshaingia katika maduka yasiyopungua sitini. Kosa nililolirudia kuliko yote ni moja, nalo ndilo limenifanya niandike leo: nilikuwa nikinunua kama mtu atakayerudi.

Mshonaji anayeishi jirani na duka lake akipungukiwa na nusu yadi huvaa viatu akaenda kuichukua. Msafiri wa RV huja kugundua upungufu huo akiwa ameshalala katika kambi nyingine tatu au nne, na duka liko nyuma yake mwendo wa siku mbili. Tena kitambaa cha kwilti si sukari, kwamba ikiisha hapa utaikuta ng'ambo ya barabara. Kampuni huchapa mkusanyiko mmoja kwa kiasi fulani, huusambaza madukani, kisha huhamia mkusanyiko mwingine, na mara nyingi ule wa kwanza hauchapwi tena. Hata ukichapwa, rangi ya mkupuo mmoja huweza kupishana kidogo na ya mkupuo unaofuata, na jicho huona tofauti hiyo mara tu vipande viwili vinapokaa ubavu kwa ubavu.

Nieleze yaliyonipata. Mwezi wa Aprili mwaka jana tulipita Paducah, Kentucky, mji wenye Makumbusho ya Taifa ya Kwilti yaliyofunguliwa mwaka 1991, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2013 katika mtandao wake wa miji bunifu kwa upande wa ufundi na sanaa za jadi. Nje kidogo ya mji niliingia katika duka dogo, nikaona jora la pamba ya buluu ya nili yenye vitone vyeupe vidogo kama punje za chumvi. Nikakata yadi tatu, nikasema zitatosha kuwa usuli, yaani kitambaa cha kujaza nafasi kati ya viraka vya uso, wa kwilti ya inchi 60 kwa 80. Mama aliyekuwa nyuma ya meza aliniuliza, akiwa bado ameshika kisu cha gurudumu mkononi, kama nimehesabu na mpaka wa kuzunguka. Nikamjibu kwamba hilo nitaliona mbele ya safari.

Mbele ya safari ilikuwa Lincoln, Nebraska, zaidi ya maili 500 kutoka pale. Nilikuwa nimefika kuona Makumbusho ya Kimataifa ya Kwilti ya Chuo Kikuu cha Nebraska, nikatandaza kazi yangu juu ya kitanda cha RV, na usuli ukawa umekwisha kabla ya mpaka. Kwa kihoro nikakimbilia madukani nikanunua nusu yadi ya buluu niliyoiona inafanana. Ndani ya duka, chini ya taa zao, zilikuwa pacha. Nje juani, ile ya Nebraska ilikuwa na zambarau ndani yake.

Kilichoniokoa ni picha. Pale Kentucky nilikuwa nimepiga picha ya ubapa wa mwisho wa jora, ule wenye karatasi ya jina la kitambaa, kwa sababu tu vile vitone vilinipendeza. Nikapiga simu, nikasoma jina la mkusanyiko na namba, na yule mama akaenda rafuni. Jora lilikuwa limebaki na yadi moja na robo. Nikalipia kwa simu, naye akalituma kwa posta kwa utaratibu unaoitwa General Delivery, ambao mzigo huandikwa jina lako na kupelekwa katika posta ya mji unaokwenda, ukahifadhiwa hapo hadi uufuate ukiwa na kitambulisho. Wasafiri wa RV ambao hawajawahi kuutumia wanajinyima.

Tangu siku hiyo sitoki dukani kabla ya kupiga picha mbili: ya karatasi ya jora, na ya ukingo wa kitambaa ambao umechapwa jina la kampuni, jina la mkusanyiko, na mstari wa vidoti vya rangi. Vidoti hivyo si urembo. Kila kimoja ni rangi iliyotumika kuchapa kitambaa hicho, na ukivishika mkononi katika duka linalofuata unaweza kutafuta kitambaa cha kuandamana nacho bila kubeba jora zima kichwani. Naomba na wengine waliopitia maduka ya njiani waeleze yao.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, nimekusoma hadi mwisho na nimejifunza. Swali langu ni la mtu mwoga. RV yetu ina futi 34, na maduka mengi ya aina hii ninayoyaona yako katika barabara kuu za miji midogo, zenye maegesho ya kulaza magari madogo. Mnafikaje mlangoni?

Mleta uzi

Hatufiki mlangoni na RV, ndugu yangu, na tulilijifunza hilo kwa aibu. RV yetu huvuta gari dogo nyuma, magurudumu yake yote manne yakiwa chini. Wanaovuta namna hiyo wanajua kwamba ukishaliunganisha huwezi kurudi nyuma, kwa kuwa magurudumu ya mbele ya gari linalovutwa hukata kona yanakotaka yenyewe na kuvunja vyuma vya kuvutia. Katika mji mmoja ramani ya simu ilituonyesha kwamba duka lina maegesho kwa nyuma. Yalikuwepo kweli, isipokuwa kichochoro cha kuyafikia kilikuwa hakina pa kutokea. Mume wangu alisimama katikati ya njia, akazima injini, akaanza kufungua pini za kuvutia huku magari yakipanga foleni. Mwenye duka alitoka na aproni yake iliyochomekwa pini kifuani kama nungunungu, akasimama barabarani na rula ya plastiki ya inchi 24, akaongoza magari kwa hiyo rula mpaka tukatoka. Aliporudi ndani aliniambia, bila kucheka, kwamba mimi ni wa tatu mwaka huo.

Sasa hivi tunaiacha RV kambini na kwenda dukani na gari dogo. Siku tunapopita bila kulala napiga simu kwanza, na swali langu ni moja: je, mtu mwenye chombo cha futi 36 pamoja na gari nyuma yake amewahi kuegesha wapi? Swali la kama kuna maegesho hujibiwa kwamba yapo, kwa sababu anayejibu anafikiria gari lake mwenyewe. Ukimuuliza wengine wameegesha wapi, atakutajia uwanja wa kanisa, au eneo la maonyesho ya kilimo, au ukingo wa barabara pembeni ya maktaba. Muulize pia kuhusu madaraja ya reli, kwani RV nyingi kubwa hufikia kimo cha futi 12 hadi 13 na ushee, na katika miji ya zamani daraja la chini huwa liko mtaa mmoja kabla ya duka.

Simu hiyohiyo itakuokoa na jambo jingine. Maduka mengi haya hufungwa Jumapili, na baadhi yake Jumatatu pia, na saa zilizoandikwa kwenye intaneti zinaweza kuwa za msimu uliopita.

Mchangiaji wa pili

Mimi si mshonaji. Mimi ni dereva wa mshonaji, kwa hiyo nitazungumzia yale ambayo wake zetu hawayaoni kwa sababu yako chini ya sakafu.

Tulinunua RV yetu katika kaunti ya Elkhart, Indiana, kitovu cha utengenezaji wa RV nchini Marekani, na kosa langu lilikuwa kutojua kwamba Shipshewana, mji wa Waamishi, Wakristo wanaosafiri kwa mikokoteni ya farasi badala ya magari, wenye maduka ya vitambaa, uko mwendo usiofika saa moja kutoka hapo. Safari yetu ya kwanza na chombo kipya ilikuwa ya kwenda kwenye kwilti, nyuma ya mikokoteni ya farasi, nikiwa na jasho la mikono.

Kitambaa kina uzito. Yadi tatu za pamba ya kwilti hukaribia ratili moja. Haionekani kuwa kitu, lakini mke wangu alipopima makasha yake kwenye mizani ya mizigo tulikuta ratili 140, bila cherehani. Kila RV ina kibandiko kinachotaja mzigo unaoruhusiwa kuongezwa, na maji yaliyo tankini nayo huhesabiwa humo, galoni moja ikiwa na uzito wa zaidi ya ratili nane. Tangu hapo makasha ya vitambaa yanakaa chini na karibu na ekseli, wala si katika kabati za juu, ambazo misumari yake haikufikiriwa kwa ajili ya maktaba ya vitambaa.

La pili ni umeme. Cherehani ya kawaida haina tatizo. Inakula wati 100 au pungufu, na betri pamoja na inveta ndogo zinaimudu. Adui ni pasi. Pasi ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 120 inavuta ampea 12.5. Ukiwa kwenye kambi ya ampea 30 una wati 3,600 tu kwa chombo kizima. Kiyoyozi kikiwa kinavuta ampea 13 hivi, na hita ya maji ikiwa kwenye umeme kwa ampea nyingine kama 12, pasi ikigusa tu kitambaa swichi ya usalama inakatika. Mke wangu alikuwa akiniita nje kila baada ya dakika ishirini. Dawa yake ni kuhamisha hita ya maji kwenye gesi wakati wa kushona, au kununua pasi ndogo ya safari, au kupanga siku za kupiga pasi ziangukie katika kambi za ampea 50, ambako mna wati 12,000 na hakuna anayemwita mwenzake.

Na mwisho, dada mleta uzi, tafadhali waambie wenzako kwamba kiti cha mume kilichowekwa karibu na mlango wa duka ni huduma muhimu kama mkasi.

Mleta uzi

Kaka, kiti hicho nimekiona katika maduka mengi, na katika duka moja kilikuwa na kwilti yake na magazeti ya uvuvi. Ahsante kwa hesabu ya ampea. Mimi nilikuwa nikijua tu kwamba giza linaingia.

Niongeze neno kuhusu unyevu. Jiko la gesi hutoa mvuke, watu wawili wakilala hupumua mvuke, na asubuhi ya baridi maji hutiririka kwenye vioo vya RV. Kitambaa kilichobanwa kwenye ukuta wa nje hupata ukungu bila wewe kujua. Makasha yangu nayaacha nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, na sikiweki chochote cha rangi iliyokoza mahali jua la dirishani linapofika, kwa kuwa mkunjo unaotazama nje hupauka na kuacha mstari ambao hautoki tena.

Mchangiaji wa tatu

Mama, shikamoo. Mimi ndiyo kwanza ninaanza, na tatizo langu ni kwamba ninapoingia dukani sina kazi maalumu kichwani. Naona jora zuri, nasimama, nashindwa kujua nikate kiasi gani. Nikikata kidogo najuta, nikikata kingi mume wangu anapiga hesabu. Katika maduka mengi naona bei ni kama dola 12 hadi 14 kwa yadi moja, kwa hiyo kukosea si jambo dogo.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zinapopotelea.

Uamuzi wa kwanza ni kazi ya kitambaa hicho. Ikiwa ni kiraka tu kati ya viraka vingi, chukua kile wanachokiita fati kota, yaani robo ya yadi ambayo haikukatwa kama ukanda mwembamba wa inchi 9 wenye upana wote wa kitambaa, bali imekatwa nusu yadi kisha ikagawanywa katikati, ukapata kipande cha takriban inchi 18 kwa 22. Eneo ni lilelile, lakini kipande hiki kinakuruhusu kukata viraka vikubwa ambavyo ukanda wa inchi 9 haungekubali. Kwa msafiri hiki ndicho kipimo bora cha ukumbusho wa mahali. Mimi huchukua kimoja kwa kila duka hata kama sina kazi nacho, na huandika jina la mji kwenye ukingo kwa penseli.

Ikiwa kitambaa kitakuwa usuli, mpaka au mgongo, hapo fati kota haina maana, na hapo ndipo msafiri anapaswa kuhesabu kabla hajaondoka mezani. Nitatumia kwilti yangu ya inchi 60 kwa 80 kama mfano. Upana wa jora huandikwa inchi 44 hivi, lakini ukiondoa kingo zake na kusinyaa kidogo, hesabu inchi 42 na utalala usingizi.

Kwa mgongo unahitaji inchi 4 za ziada kila upande ili fundi wa mashine kubwa ya kushona tabaka zote tatu pamoja aweze kuushika, kwa hiyo unatafuta inchi 68 kwa 88. Ukilaza vitambaa viwili kwa urefu, kila kimoja cha inchi 88, jumla ni inchi 176, ambazo ni yadi tano kasoro kidogo, kata tano. Kuna ujanja unaopendwa wa kulaza mshono kwa upana ili kuokoa yadi moja: vipande viwili vya inchi 68 ni inchi 136, yaani chini ya yadi nne. Nilijaribu ujanja huo mara moja. Vipande viwili vya inchi 42 vikiunganishwa havifiki hata inchi 84, na wewe ulihitaji 88. Yadi uliyookoa unailipia kwa kuongeza ukanda wa katikati ambao haukuwa katika mpango. Maduka mengi yana pia kitambaa cha mgongo chenye upana wa inchi 108, ambacho kwa kwilti hii kinahitaji yadi mbili tu, bila mshono wowote. Bei yake kwa yadi ni kubwa zaidi, lakini piga hesabu ya jumla ndipo uamue.

Ukanda wa kufungia ukingo ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mzingo wa kwilti ni inchi 280. Ongeza inchi 10 za pembe na maungio, ziwe 290. Vipande vya upana wa inchi 2.5 vyenye urefu wa inchi 42 vinahitajika saba, ambavyo vinakula inchi 17.5 za kitambaa. Nusu yadi ni inchi 18. Umebakiwa na nusu inchi ya kukosea, na mkataji ambaye kitambaa chake hakikukaa sawa ataimaliza hiyo katika mkato wa kwanza wa kunyoosha. Kwa hiyo mimi hukata robo tatu ya yadi.

Nimeandika hesabu hizi kwenye kadi na nimeigundisha ndani ya jalada la pochi. Haizidi mistari sita: mgongo, mpaka, ukanda wa ukingo, kwa kwilti ya mtoto, ya kiti na ya kitanda. Usipokuwa na kadi, mwulize anayekata. Swali la yule mama wa Kentucky lilikuwa na thamani ya bahasha nzima ya posta, nami nililipuuza.

Mchangiaji wa nne

Naheshimu maoni ya waliotangulia, lakini naona tunajisumbua. Vitambaa hivihivi vipo mtandaoni, mara nyingi kwa bei nafuu, na havihitaji kupita chini ya daraja la reli. Ukipungukiwa unaagiza tena. Mtu wa RV ana sababu gani ya kuingia katika duka dogo zaidi ya kumbukumbu?

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa kwa maneno matamu. Ukijua hasa unachotaka, na una anwani ya kupokelea, agiza. Nami huagiza pamba ya kati mtandaoni, kwa sababu pamba haina rangi ya kubishania.

Lakini rangi siiagizi. Kioo cha simu kilinionyesha ile buluu ya Nebraska kuwa sawa na ya Kentucky hata baada ya macho yangu kukataa. Dukani unaweza kumwomba mwenye duka ruhusa ya kupeleka jora mlangoni ulitazame juani; sijawahi kukataliwa.

Pili, meza ya kukatia ni shule. Tazama mikono ya mtu aliyekata kitambaa miaka ishirini: anapindua jora mezani, tup, tup, tup, kitambaa kinafunguka bila yeye kukivuta, kwa maana akikivuta kitajikunja upande baada ya kukatwa na kipimo chako kitapungua. Kisha anaoanisha kingo, si mkunjo, ndipo anapoweka rula. Nilikuwa nimeshona miaka tisa nikioanisha mkunjo, nikijiuliza kwa nini vipande vyangu virefu hutoka na kiwiko katikati. Nililiona hilo kwa dakika moja nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza Missouri, katika mji wa Hamilton, ambao sehemu kubwa ya barabara yake kuu leo ni maduka ya kwilti.

Tatu, duka hujua mambo ya eneo lake ambayo hayamo katika ramani. Katika kaunti ya Adams, Ohio, ndiko ulikoanzia mwaka 2001 utaratibu wa kupaka ruwaza za kwilti kwenye mbao kubwa na kuzitundika ghalani, na sasa ghala kama hizo zimeenea katika majimbo mengi. Msafiri wa RV huziona akiwa juu katika kiti chake cha mbele kuliko mwenye gari dogo, lakini ni mwenye duka anayekwambia barabara ipi ina mahali pa kusimama.

Nakiri pia kwamba si kila unachosimuliwa dukani ni cha kubeba. Katika baadhi ya maduka utaelezwa kwamba kwilti zilizoanikwa nje ziliwaelekeza njia watumwa waliokuwa wakitorokea kaskazini, kila ruwaza ikiwa na siri yake. Ni hadithi inayogusa moyo, lakini wanahistoria wa kwilti hawakupata ushahidi wa wakati huo wa kuiunga mkono, nami huwa nasikiliza kwa heshima bila kununua kitabu kinachoisimulia. Anayetaka historia ya kwilti za Wamarekani Weusi iliyosimama kwa miguu yake aende Gee's Bend, Alabama, kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu, ambacho rasmi huitwa Boykin. Feri yao ilisimamishwa mwaka 1962, wakati wakazi walipokuwa wakivuka kwenda kudai haki ya kupiga kura, na haikurejea hadi mwaka 2006. Ushirika wa washonaji wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, ulianzishwa mwaka 1966, na kwilti za wanawake wa Gee's Bend zimeoneshwa katika makumbusho makubwa na kuchapishwa kwenye stempu za posta mwaka 2006. Baada ya kuziona, niliacha kuogopa kiraka kisicho sawa.

Mchangiaji wa tano

Nimefanya kazi katika duka la namna hii kwa miaka kadhaa, basi niseme kutoka upande wetu wa meza, kwa ufupi. Wageni wa RV tunawapenda, kwa kuwa hununua kwa furaha. Tunachoomba ni kwamba vikombe vya kahawa vibaki nje, na kwamba mgeni aombe ruhusa kabla ya kupiga picha kwilti za mfano zilizotundikwa. Picha ya ukingo wa kitambaa ulichonunua haina shida. Picha ya ruwaza inayouzwa pale kwenye kijitabu ni suala jingine, kwa sababu ruwaza hizo zina haki miliki na aliyezibuni anaishi kwa mauzo yake. Majora uliyoyatoa na hukuyataka yaache juu ya meza; ukiyarudisha mwenyewe mahali pasipo pake, tutalitafuta jora hilo wiki nzima.

Na kama mnapita wakati wa mzunguko wa maduka, ambapo maduka ya eneo zima huungana na kila moja hugonga mhuri katika kadi ya mgeni, msije saa ya mwisho ya siku ya mwisho mkiwa na vitambaa kumi na viwili vya kukatwa robo robo.

Mchangiaji wa tatu

Mama, ahsante sana, kadi nimeshaiandika. Ila umetuacha njiani. Ule mzigo wa Kentucky ulifika? Na mpaka ulitosha?

Mleta uzi

Ulifika, mwanangu. Niliufuata posta kwa miguu kutoka kambini, na karani aliuminya kidogo kabla ya kunikabidhi, akauliza kama ni mto.

Yadi moja na robo ni inchi 45. Uso wa kwilti bila mpaka ulikuwa inchi 52 kwa 72, kwa hiyo mpaka wa inchi 4 ulihitaji vipande saba vya upana wa inchi 4.5, jumla inchi 31.5. Vikatoka vyote, na vitone vikakaa sawasawa na vile vya usuli, kwa kuwa ni jora lilelile. Zilibaki inchi 13.5, na hapo nikatamani kufungia ukingo kwa buluu hiyohiyo. Vipande vya inchi 2.5 vikatoka vitano, na mimi nilihitaji saba. Viwili vilivyopungua nilivikata katika ile nusu yadi ya Lincoln yenye zambarau, iliyokuwa imekaa kabatini tangu siku ya kihoro. Viko upande wa chini, vinaanzia karibu na pembe ya kushoto na kupinda kidogo pembe ya kulia. Usiku havionekani. Asubuhi mume wangu akifungua pazia la dirisha la mbele, vinaonekana vizuri sana.